Ulilala Wapi Jana

Harrow Falls, Ohio
4 Machi

Mheshimiwa Dressler,

Hutanikumbuka, lakini Kwaresma ya mwaka juzi ulikuja kwenye Ijumaa ya samaki pale kituo cha zimamoto, ukala samaki niliokaanga mimi, ukamshika mkono mume wangu Dell na kumwambia kuwa watu kama yeye ndio uti wa mgongo wa taifa hili. Dell alifanya kazi kiwanda cha matairi mpaka mapafu yakamgomea. Siku hizi anapumulia mashine ya oksijeni iliyochomekwa ukutani kutwa kucha, na uti wa mgongo wa taifa hauwezi kutoka sebuleni kwenda jikoni bila kupumzika njiani.

Jengo letu limeuzwa. Mwenye nyumba mpya ni kampuni ya mbali ambayo hakuna mpangaji aliyewahi kuiona sura yake. Kitu cha kwanza ilichofanya ni kupandisha kodi, na sasa pensheni ya Dell na mshahara wangu wa kupika shuleni, hata vikiunganishwa, havifiki. Tumeanza kubaki nyuma. Nimesikia redioni kuna muswada huko Washington wa serikali kuu kutoa fedha za kuwalipia watu malimbikizo ya kodi kabla hawajatupwa nje, na kuwatafutia nyumba waliokwisha kutupwa. Utaupigia kura, au hutaupigia?

Nitakwambia kwa nini nauliza. Hapa kwetu bweni la wanaume wasio na makazi liko mtaa mmoja, na la wanawake liko mtaa mwingine ng'ambo ya reli. Hawachanganyi, hata kama una cheti cha ndoa mkononi. Mimi ndiye ninayeamka usiku kuurudisha mrija wa Dell puani unapochomoka. Tukitenganishwa, hamalizi majira ya baridi.

Wako,
Verna Stuckey


Washington
2 Aprili

Ndugu Bi Stuckey,

Nakushukuru kwa kuniandikia kuhusu suala la makazi. Maoni ya wananchi kama wewe ndiyo yanayoniongoza kila siku katika kazi yangu. Naamini kila familia yenye bidii inastahili paa salama juu ya kichwa chake, na naamini pia katika matumizi mazuri ya kodi za wananchi. Bunge linapoendelea kulitafakari suala hili, uwe na hakika kwamba nitayazingatia maoni yako.

Usisite kuniandikia tena.

Harlan Dressler
Mbunge


Harrow Falls
9 Aprili

Mheshimiwa,

Umesema nisisite, basi sisiti. Sikukuuliza unaamini nini. Mambo ya imani namwachia mchungaji. Nilikuuliza utapiga kura gani.

Dell ameisoma barua yako akasema ni barua nzuri. Nikamwambia haya, niambie imesema nini. Akafikiri weee, mwisho akaomba kahawa.

Huku kwetu mambo hayasubiri kutafakariwa. Kampuni imebandika karatasi ya onyo mlangoni, na mbao za baraza zimeoza kiasi kwamba mtu wa kuleta mitungi ya oksijeni anaogopa kupanda. Nijibu kwa neno moja tu, ndiyo au hapana. Sitakuomba hata salamu.

Verna Stuckey


Harrow Falls
12 Mei

Kwa yeyote anayefungua bahasha hizi,

Leo simwandikii Mheshimiwa, maana nimeshaelewa kwamba hazioni. Nakuandikia wewe uliyeketi hapo na kikombe chako cha kahawa, unayechana bahasha na kuchagua jibu.

Wiki iliyopita nimepokea barua ya kunishukuru kwa msimamo wangu kuhusu ushuru wa mbao zinazotoka Kanada. Mimi sina msimamo kuhusu mbao za Kanada. Nina mume anayepumua kwa mashine na notisi ya kuhama. Niliisoma barua hiyo nikacheka, kisha nikaenda kukaa kwenye gari nikalia, kwa sababu ndani Dell angenisikia.

Sasa nieleze wewe, binadamu kwa binadamu. Je, kuna mtu huko?

Verna Stuckey


Washington
20 Mei

Bi Verna,

Yupo. Naitwa Curtis Hoyle. Hii ni karatasi yangu mwenyewe na stempu nimenunua mwenyewe, kwa hiyo naomba barua hii ibaki kati yetu.

Wewe unastahili ukweli, hata kama unatutia aibu. Barua zinaingia hapa kwa magunia. Kila mada ina jibu lake lililoandikwa zamani, na kazi ya vijana wa chini yangu ni kupachika. Uliandika neno mbao, ukawekwa kwenye kapu la mbao. Barua ile ya kwanza ya makazi niliitunga mimi mwaka jana, na nakumbuka kwamba nilisifiwa kwa sababu haikuahidi kitu.

Lakini huo muswada nao ni kazi yangu. Mimi ndiye ninayeushughulikia ofisini. Nimezaliwa Belmar, hapo jirani yenu, na nimekua nikila samaki hao hao wa Ijumaa. Mheshimiwa bado anasitasita. Barua yako ya Machi ni bora kuliko takwimu zote nilizompelekea. Utaniruhusu nimpe aisome mbele ya kamati?

Kwa heshima,
Curtis Hoyle


Harrow Falls
27 Mei

Kijana Curtis,

Mpe aisome. Mwambie jina la mume wangu ni Dell, asije akamwita Dale kama alivyofanya kwenye samaki.

Nimemwambia Dell kwamba kuna mtu Washington anayejibu. Hakuniamini mpaka alipoishika karatasi yako. Yeye haulizi mambo ya muswada, anauliza kama mama yako yuko salama na kama huko unakula vizuri. Ndivyo alivyo, na dada yake hapa mjini anasema alizaliwa hivyo. Mtu anaweza kuja kumtoa kitandani naye akamkaribisha kahawa.

Tumeitwa mahakamani katikati ya Julai. Mahakama za nyumba hapa hazichukui muda mrefu kuliko kuchemsha yai. Nakuamini, na nakwambia wazi kwamba sina mazoea ya kuamini.

Verna


Washington
19 Juni

Bi Verna,

Ameisoma! Alitaka kuiruka sehemu ya mabweni mawili, lakini alipofika hapo akaisoma yote. Muswada umepita kwenye kamati, na Mheshimiwa sasa anautangaza utadhani aliuota yeye. Mwache. Hata jina la Dell alilitaja sawasawa.

Kura kubwa itakuwa mwisho wa mwaka, muswada ukiambatanishwa na bajeti. Sasa nisikilize kuhusu Julai. Nimemuuliza rafiki yangu mwanasheria. Hukumu ya kufukuzwa ikishaingia kwenye kumbukumbu, hakuna mwenye nyumba atakayewapokea tena, hata mkija na fedha za serikali mkononi. Msingoje kesi. Rudisheni funguo wenyewe, muondoke na jina safi. Uliandika kwamba Dell ana dada hapo mjini. Kaeni kwake kwa muda. Fedha zikitoka mtakuwa wa kwanza, nitahakikisha mwenyewe.

Curtis


Harrow Falls
16 Julai

Curtis,

Tumefanya kama ulivyosema. Funguo nimezirudisha kabla ya siku ya kesi, nikafagia na kupiga deki, ili kampuni isiyo na sura isije ikasema tuliacha uchafu. Tuko kwa Maxine, dada yake Dell, chini kabisa ya nyumba, chumba cha meza ya biliadi. Meza haitoki, kwa hiyo kitanda kimebanwa ukutani na nguo zetu ziko juu ya meza.

Maxine ni mkali lakini ana roho. Anavuta sigara nje sasa, hata mvua ikinyesha, kwa ajili ya mapafu ya kaka yake. Tatizo ni ngazi. Dell akishuka ameshuka, kwa hiyo mara nyingi anabaki chini huko kutwa na mimi namletea habari za jua. Wifi yangu naye amepanga, na mkataba wake hauruhusu wageni wa kudumu, ndiyo maana gari letu tunaliegesha mtaa wa pili.

Tuko sawa. Usiwe na wasiwasi juu yetu. Wewe shughulika na kura.

Verna


Washington
18 Desemba

Bi Verna,

Umepita! Bunge zima, kisha Seneti, na sahihi imeshawekwa. Ofisini tumekata keki. Kaunti zitaanza kupokea maombi mwanzoni mwa Januari, kwa hiyo nenda siku ya kwanza kabisa.

Siwezi kukuficha kwamba ilikuwa patashika. Tulikosa kura chache, na waliobaki walikuwa na kifungu kimoja kinachowauma: kile kinachosema kwamba anayelala kwa ndugu au rafiki naye ahesabiwe kuwa hana makazi. Walisema tukianza kuwahesabu hao, hazina nzima haitatosha. Kwa hiyo nilikaa nikaandika mwenyewe marekebisho ya kukiondoa, na kura zikatimia jioni ile ile. Mheshimiwa alinipiga begani. Nyinyi hakiwahusu, nyinyi ni wapangaji mliopewa notisi, mnaingia kwenye fungu la kinga. Nimefurahi mno kwa ajili yenu.

Mpe Dell mkono wangu.

Curtis


Harrow Falls
9 Januari

Curtis,

Siku ya kwanza nilikuwa mlangoni kaunti kabla hawajafungua. Mama aliyenipokea anaitwa Bi Renner, na ni mtu mwema. Aliniuliza nina mkataba wa nyumba, nikasema sina, nilirudisha funguo. Akauliza kama nina hukumu ya mahakama, nikasema sina, tuliondoka kabla. Akaniambia basi fungu la kinga halinihusu, kwa sababu hakuna mtu anayenifukuza popote.

Nikamwambia haya, niweke kwa wasio na makazi. Akaniuliza, "Ulilala wapi jana?"

Nikasema kwa wifi yangu.

Aliweka kalamu chini. Akasema, "Basi una makazi, mama yangu. Ungelala kwenye gari ningekuandika sasa hivi."

Nilidhani anatania, lakini alikuwa karibu kulia kuliko mimi. Sheria mpya inamruhusu kumpa nyumba mtu wa barabarani, wa kwenye gari, au wa bwenini. Akilipiwa hoteli na ndugu, hana shida. Akihifadhiwa na ndugu, hana shida. Yaani kosa letu ni kwamba Maxine anatupenda. Tungekuwa na ndugu mwenye roho ya kutu, leo tungekuwa na nyumba.

Akaniuliza nani alinishauri kutoka kabla ya kesi. Nikamjibu hakuna mtu. Sijui kwa nini nilikukinga.

Na jana mwenye nyumba wa Maxine ameliona gari letu, akajua tunaishi humo. Tumepewa mpaka mwisho wa mwezi, la sivyo naye anatolewa pamoja na sisi.

Nimekasirika, Curtis. Nimekasirika na Bunge, na wale waliobania kura zao, na keki yenu. Na wewe nimekukasirikia kuliko wote, kwa sababu wewe ulituandikia kwa mkono wako, nami nikakufuata. Ile barua ya mbao za Kanada haikutudhuru hata kidogo.

Verna Stuckey


Washington
15 Januari

Bi Verna,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama koridoni, na sikuweza kurudi mezani. Kweli yote. Nilikuwa na nyinyi kichwani kama wapangaji, vile mlivyokuwa kwenye barua ya Machi, na ndivyo nilivyowaacha. Nilisahau kwamba mimi mwenyewe nimewahamisha.

Nimemfuata Mheshimiwa. Anasema kifungu kinaweza kurudi kikao kijacho, tusiwakoroge watu sasa. Nikamuuliza kikao kijacho ni lini, akaangalia saa.

Tafadhali msifanye lolote. Msiondoke kwa Maxine. Nitatuma fedha, nitawatafutia hoteli ya chini isiyo na ngazi, nitalipa mimi mpaka kipatikane kitu. Mwisho wa mwezi Mheshimiwa anakuja Harrow Falls kwa ile hesabu ya kila Januari ya watu wanaolala nje, na mimi nitakuwa naye. Nitapita kwa Maxine niwaone kwa macho na kuwaomba radhi ana kwa ana. Nijibu, nakuomba.

Curtis


Harrow Falls, kwenye gari la ofisi
30 Januari

Bi Verna,

Hukunijibu, nikaja hivyo hivyo. Maxine amenisimamisha mlangoni na kuniambia mmeenda Kentucky kwa binamu yako mpaka baridi ipungue. Nimempa bahasha ya fedha, amenirudishia. Amekubali kuwafikishia barua hii tu.

Sikujua una binamu Kentucky, lakini nimeshukuru. Jana usiku tulizunguka kuhesabu watu, na baridi ilikuwa inakata masikio. Nyuma ya kituo cha zimamoto kulikuwa na wazee wawili ndani ya gari, wamejifunika mablanketi mpaka machoni. Nilitaka kuwalipia hoteli, yule mama akanikatalia utadhani nimemtukana. Nilikaa nikiwafikiria nyinyi, nikajiambia afadhali Verna na Dell wako kwa ndugu.

Curtis


Harrow Falls
4 Februari

Curtis,

Sina binamu Kentucky.

Nilikujua kwa kadi iliyoning'inia kifuani mwako. Ulikuwa unakuja na tochi, na Bi Renner nyuma yako na karatasi zake, na Mheshimiwa kwenye gari lenye joto akisubiri mpiga picha. Nikamnong'oneza Dell kwamba ndiye yule kijana. Dell akazima mashine, akavua mrija puani, akauficha chini ya blanketi wewe usije ukatutambua, akabana kikohozi mpaka ulipomaliza. Wewe ukainama dirishani ukauliza kwa adabu sana, "Mlilala wapi jana?" Dell akakujibu, "Hapa hapa, mwanangu." Ukatupatia soksi. Ni soksi nzuri.

Bi Renner alitujua. Alinitazama, nikamtazama, akaandika bila kutamka jina.

Ukataka kutulipia hoteli. Kama ningefungua mdomo nikasema mimi ni Verna, usingeondoka hapo bila kututoa kwenye lile gari. Ungetubeba. Na Bi Renner angelazimika kuandika kwamba tumelala hoteli kwa fedha za rafiki. Wazima moto nao wametukaribisha kwenye sofa lao la ndani, wanatubembeleza kila jioni. Tumekubali waya wa umeme tu, unapita kwenye upenyo wa dirisha kwenda kwenye mashine. Maxine analia kila akituletea supu. Namwambia rudi nyumbani, usiku huu usitupende.

Tumeandikwa. Wenye mapafu mabovu wanatangulia, na Bi Renner anasema kuna nyumba ya chini, vyumba viwili, karibu na shule ninayopika, inaweza kuwa tayari kabla theluji haijaisha. Jina moja juu ya mlango, la mume na mke. Mpaka siku hiyo watu wa kaunti watakuwa wanapita kuhakikisha bado tuko hapa. Dell anakohoa usiku, lakini mimi niko kiti cha pembeni yake, na mrija ukichomoka naurudisha.

Hasira yangu bado ipo, sitakudanganya. Dell hana hasira, anauliza kama mama yako wa Belmar umemwona.

Nakuomba kitu kimoja. Usije. Usitume kitu, usimpigie mtu yeyote simu kwa ajili yetu, usimwambie Mheshimiwa. Najua una moyo mzuri, nimeuona kwa karibu. Tafadhali, Curtis, usitutendee wema wowote mpaka tupate ufunguo.

Verna